Nambeye Alivyokaa Chini Uani

Ninyi mnaopita barabara ya Mpemba wawili wawili, mikoba mipya begani, nawaona. Mkifika mbele ya nyumba yangu mnapunguza mwendo, mnaniamkia, "Shikamoo bibi," halafu mnasogea kidogo na kunong'onezana kwamba huyu ndiye yule bibi wa nyonga. Marahaba. Nyonga ni kweli ilivunjika. Lakini kabla ya nyonga palikuwa na mtu, na mtu huyo ndiye aliyeanzisha kazi mnayoifanya leo katika mji huu.

Siku mkiingia sebuleni kwangu, kitu cha kwanza mtakachokiona ni diploma yangu ya uuguzi, imo ndani ya kioo, juu ya kabati. Niliipata ng'ambo, Kitwe. Nilivuka mpaka nikiwa msichana wa magauni mawili, nikiwafuata wajomba waliokuwa wakichimba shaba. Niliosha sahani kwenye kantini ya wachimbaji, nikasoma masomo ya jioni, nikaingia chuo cha uuguzi wakati wenzangu wanaingia kwenye ndoa. Hakuna aliyenishika mkono. Niliporudi Tunduma, mipaka imefunguliwa, malori yamejaa, kila mtu anauza kitu, mimi nilirudi na kitu ambacho hakiuzwi. Mji mzima ukaniita Ba Sista, kama wanavyoitwa wauguzi kule Zambia. Nyuma ya mgongo wangu waliniita Sista Diploma. Sikuchukia. Nani mwingine wangemwita hivyo?

Katika kazi ya kuhudumia wagonjwa majumbani kuna mambo mawili magumu. La kwanza ni kujikinga usipigwe. La pili ni kumfanya aliyepigwa arudi kazini kesho yake. La kwanza nalijua kuliko mtu yeyote kutoka hapa hadi Vwawa, na nitawafundisha sasa hivi. La pili nilishindwa, na aliyenishinda alikuwa mwanamke wa darasa la saba aliyekuwa akipika kimpumu, pombe yetu ya ulezi. Anaitwa Nambeye. Nimemwonea wivu tangu siku ya kwanza hadi asubuhi hii ninapoandika, na kama mnataka kujifunza kazi kwa mtu asiye na wivu, nendeni mkajifunze kwa mawe.

Sasa somo la kwanza.

Ukifika kwenye nyumba, usiingie kabla hujajua nani yuko ndani na amekunywa nini. Uliza kwa jirani, si kwa mwenye nyumba. Kanga usiifunge shingoni, maana kanga shingoni ni kamba uliyomletea mtu mwenyewe. Hereni vua. Viatu vyako viwe vya kuvulika haraka. Ukikaa, kaa upande wa mlango, mgonjwa awe kati yako na ukuta, si wewe kati ya mgonjwa na ukuta. Tazama mchi uko wapi. Watu hudhani panga ndilo la kuogopa. Katika miaka yangu yote panga lilitolewa mara moja tu, na hata hilo lilikuwa butu. Mchi, kuni na maji ya moto ndivyo vinavyotuumiza. Mgonjwa mwenyewe akikuuma, usivute mkono. Sukuma kuelekea mdomoni, ataachia. Na ukiona mtu amenyamaza ghafla baada ya kupiga kelele muda mrefu, chukua mkoba wako uage kwa heshima.

Hayo yote niliyagundua mimi. Mengine niliyagundua kwa ngozi yangu.

Mradi wetu ulikuwa wa parokia. Wakati ule ugonjwa ule mpya ulikuwa umejaa hapa mpakani, na hospitali hazikuwa na vitanda vya kutosha, kwa hiyo watu walirudishwa kufia nyumbani. Tulikuwa na vikundi viwili vya wahudumu wa kujitolea. Kikundi cha kwanza kilikuwa changu, upande huu wa Mpemba, wanawake kumi na wawili waliochaguliwa kwa mtihani nilioutunga mwenyewe. Kikundi cha pili kilikuwa upande wa mpakani, cha Nambeye, wanawake saba waliochaguliwa sijui kwa nini. Nadhani walikuwa wateja wake.

Kosa langu la kwanza nawaambia wazi, kwa kuwa hata mtu wa diploma hukosea. Niliwashonea wahudumu wangu magauni meupe na mikoba myekundu. Nilitaka waonekane. Wakaonekana. Walipotokea mwanzo wa mtaa, watoto walipiga mbinja, na vijana wa vijiweni waliimba, "Mafundi umeme hao! Leo nani kakanyaga waya?" Maana ndivyo ugonjwa ule ulivyoitwa mitaani, kukanyaga waya. Nyumba waliyoingia ilikuwa imeshatangazwa mji mzima. Kuna mama mmoja hakungoja hata hodi, alimmwagia mhudumu wangu maji ya ugali miguuni, akasema, "Nendeni na wekundu wenu! Mwanangu ana malaria!"

Wahudumu wa Nambeye walibeba vikapu vya mkonge. Juu mboga za maboga, chini glovu na dawa ya vidonda. Mtu akiwaona alidhani wanaenda kumsalimia shangazi. Niliandika barua kwa katibu wa mradi kwamba wenzetu hawavai sare na wanachanganya vifaa vya tiba na mboga. Katibu alinijibu kwa mdomo, na alijibu akicheka.

"Sista, na hizo mboga wanaziacha kwa mgonjwa?"

"Wanaziacha."

"Basi waambie wako nao wabebe."

Hapo ndipo wivu ulipoota meno.

Mhudumu wangu bora kwa wakati huo alikuwa binti aliyeitwa Atupele, Mndali, mwembamba, mikono mirefu. Nilimfundisha mimi kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia. Nilimfundisha kupima maji kwa kiwiko. Alikuwa akimgeuza mwanamume mzima peke yake kwa kutumia shuka, taratibu, kama mtu anayegeuza chapati asiyetaka ichanike. Siku moja alikuja ofisini mdomo umevimba, damu kwenye gauni jeupe. Kaka wa mgonjwa alikuwa amempiga ngumi.

Mimi nilikuwa na fomu. Nilikuwa nimeiandaa mwenyewe kwa kutumia taipureta ya parokia, fomu ya tukio, yenye maswali kumi na manne. Nilimketisha nikaanza kumwuliza. Swali la tisa lilikuwa hili: Mhudumu alifanya nini kabla ya tukio?

"Nilikuwa namwosha mgonjwa, Sista."

"Ulisimama upande gani wa kitanda?"

"Upande wa ukutani."

"Nilikufundisha nini?"

Mdomo ulikuwa unamtoka damu kidogo kidogo na alikuwa akiifuta kwa mgongo wa mkono.

"Nilikufundisha nini, Atupele?"

"Nikae upande wa mlango."

Nikaandika. Nilikuwa sahihi. Hata leo nitakuambieni nilikuwa sahihi, upande wa ukutani ni kosa. Atupele alivua mkoba mwekundu, akauweka juu ya fomu yangu, akasema, "Asante mukwai," kwa heshima zote za kwao, akaenda zake. Siku ya tatu nikasikia yuko kwa Nambeye.

Na siku ya nne nikasikia Nambeye anakwenda kwenye nyumba ile. Nyumba yangu! Ilikuwa upande wangu wa Mpemba, kwenye daftari langu. Nikachukua kalamu nikamfuata ili nimnase akivunja utaratibu. Nikajibanza kwenye uzio wa jirani, nyuma ya migomba, na gauni langu jeupe, kama kuku mweupe anayejificha kwenye mkaa.

Nilichokiona sijakiona Kitwe wala mahali pengine popote. Nambeye aliingia uani na wanawake wake sita, na Atupele akiwa wa saba. Walipiga hodi, wakapiga makofi ya heshima kwa viganja vilivyokunjwa, wakakaribishwa vigoda. Wakavikataa. Wakakaa chini kwenye udongo mtupu, mstari mmoja, wakanyoosha miguu mbele, kanga kichwani. Hakuna mtu wa huku asiyejua mkao ule. Ndivyo wanawake wanavyokaa msibani.

Hawakusema neno.

Haikupita muda majirani wakaanza kutokeza. Bibi mmoja alikuja mbio, ameshajifunga kanga kiunoni tayari kwa kulia.

"Jamani! Nani amefariki?"

"Bado hajafariki, mama," Nambeye akamjibu kwa upole. "Sisi tumewahi tu."

"Tumewahi nini?"

"Mwenye nyumba hii anapiga watu wanaomwosha ndugu yake. Basi ndugu yake ataoza, atakufa, na msiba utakuwa hapa. Sisi tuna kazi nyingi, tukaona tuanze leo."

Bibi yule akatazama nyumba, akatazama wale wanawake, kisha naye akakaa chini. Akaja wa pili. Wanaume wa jirani wakaanza kukusanyika upande wao wakiuliza kaburi linachimbwa wapi. Mtu mmoja akaleta hata kuni. Ndani ya nyumba tukasikia kitu kinaanguka, kisha yule kaka akatoka, mtu mkubwa, macho mekundu, suruali ameishika kwa mkono.

"Ninyi mnaniloga?"

"Shemeji," Nambeye akasema, bila kunyanyua hata mguu, "nani amempiga mwanangu?"

"Mwanao yupi?"

"Huyu. Sikumzaa, lakini ni wangu. Nani amempiga?"

Mtu yule alizunguka ua mzima kwa macho akitafuta wa kumtetea. Hakumpata. Majirani wote walikuwa wamekaa kama msibani, na msibani hakuna anayepinga. Mwisho akasema, "Mimi." Akamsogelea Atupele, akachuchumaa, akapiga makofi. "Dada, nimekosa. Nilikuwa nimekunywa. Na ndugu yangu alikuwa analia nilipomsikia, nikadhani unamuumiza."

Ndipo wakainuka, wakapangusa udongo, na Atupele, mdomo bado umevimba, akaingia ndani kumwosha mgonjwa. Nambeye alikaa upande wa mlango.

Mimi nyuma ya migomba niliandika: Nyumba imeingiliwa bila kibali. Kisha nikaona machozi yameangukia karatasi. Hayakuwa ya huruma. Ilikuwa hasira ya mtu aliyesoma miaka mitatu, akaona jibu la mtihani mikononi mwa mpishi wa pombe. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba ule upishi ndio uliomfundisha. Miaka kumi na tano alikaa na walevi kilabuni kwake. Alijua mlevi haogopi fimbo wala polisi, anaogopa kutazamwa na majirani akiwa amelevuka.

Wahudumu wangu walianza kupungua. Mmoja alisema mumewe amekataa. Mwingine amepata kibanda sokoni. Mwingine alinambia ukweli: "Sista, nikipigwa kwako naulizwa maswali." Kutoka kumi na wawili nikabaki na watano. Wa Nambeye walikuwa saba, na Atupele wakawa nane, na mwaka uliofuata wakawa tisa. Katibu akaniita.

"Sista, nenda ukae na Nambeye wiki moja. Ujifunze."

Fikirini. Mimi. Nijifunze.

Nilimwambia sina haja, naweza kukaa chini mwenyewe. Na wiki ile ile mhudumu wangu alisukumwa na binti wa mgonjwa kule njia ya Chapwa, nikasema hii ndiyo nafasi yangu. Nikaenda na wahudumu wangu watano. Lakini gauni langu lilikuwa jeupe, limepigwa pasi ya mkaa, na ua ulikuwa na samadi. Kwa hiyo nilibeba kiti. Nikakaa kwenye kiti, wahudumu wamekaa chini mbele yangu, daftari mapajani. Majirani wakaja, kama nilivyotarajia. Wakapanga foleni. Walidhani tunagawa vyandarua. Mzee mmoja aligombana na mwenzake kuhusu nani alitangulia, na yule binti aliyemsukuma mhudumu wangu alitoka ndani, akaingia kwenye foleni, wa kumi. Tuliondoka watu wakitutukana kwamba tumekula vyandarua vyao.

Habari hiyo ilifika upande wa mpakani kabla mimi sijafika nyumbani. Nilikutana na Nambeye Jumapili, nje ya kanisa. Hakucheka. Kama angecheka ningemchukia vizuri, nikapumzika. Alisema tu, "Sista, uani kiti hakina cheo. Ukikaa juu, wanakungoja useme. Ukikaa chini, wanaanza kusema wao." Alinifundisha, mbele ya watu, kwa sauti ya upole, naye hajui hata kuandika neno diploma.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, na nawaambia ninyi kwa sababu kesho mtapewa daftari la nyumba, na daftari hilo lina alama nyekundu.

Alama ile niliibuni mimi. Nyumba yenye mtu anayepiga, tunaweka msalaba mwekundu pembeni, ili mhudumu asiende peke yake wala asiende bila kuuliza. Palikuwa na nyumba moja ya mzee aliyekuwa dereva wa malori, amepooza upande mmoja, analelewa na mwanawe aliyeitwa Jofrey. Jofrey alikuwa fundi wa magurudumu kando ya barabara kuu, na alikuwa amewatishia wahudumu wangu wawili kwa spana ya magurudumu, ile ndefu ya chuma. Nyumba ile ilikuwa na misalaba miwili.

Mipaka ya vikundi ilipopangwa upya, nyumba hiyo ikahamia kwa Nambeye. Ilikuwa kazi yangu kunakili orodha kwenye daftari jipya. Nilikaa mezani asubuhi kweupe, chai pembeni, kalamu nyekundu karibu na mkono. Nikanakili jina la mzee. Nikanakili ugonjwa. Nikafika pale pa msalaba.

Kalamu nyekundu sikuigusa.

Nataka mwelewe nilichokitaka. Sikutaka mtu aumie. Nilitaka mhudumu mmoja tu wa Nambeye aone ile spana, akimbie, asirudi, ili katibu aone kwamba hata kwake wanaondoka. Mmoja tu. Nilijiambia hivyo. Lakini nilijua pia, kama kila mtu alivyojua, kwamba nyumba mpya Nambeye hakumpeleka mtu. Alikwenda kwanza mwenyewe, peke yake, akanywa maji ya nyumba hiyo, akasikia inanuka nini. Hilo nalo nilijiambia sikulikumbuka.

Nambeye alipigwa kwa ile spana, mkono wa kushoto, juu kidogo ya kifundo. Mfupa ulivunjika mara mbili.

Nilikwenda kumwona hospitali ya Vwawa, nimebeba machungwa. Alikuwa amelala kitanda cha dirishani, mkono umefungwa plasta hadi begani. Wahudumu wake wote walikuwa pale, wengine wamekaa sakafuni, wanacheka kitu. Waliponiona wakanipisha. Nilimwuliza anaendeleaje, akasema vizuri. Nilimmenyea chungwa. Kisha akasema bila kunitazama:

"Ile nyumba haikuwa na alama, Sista."

"Labda ilisahaulika wakati wa kunakili."

"Labda," akasema, akala chungwa.

Nilisubiri wahudumu wake waondoke kwenye mradi. Kiongozi wao kavunjwa mkono, nani atabaki? Hakuondoka hata mmoja. Atupele aliwachukua wakaenda kukaa chini uani kwa Jofrey, siku mbili mfululizo kwa sababu siku ya kwanza hakutoka. Siku ya pili alitoka na spana mkononi, akaiweka chini mbele yao, akakaa na yeye. Mzee yule aliishi miaka mitatu zaidi, anaoshwa na Atupele, na Jofrey mwenyewe ndiye aliyekuwa akimnyanyua. Waliondoka wangu. Wawili zaidi, baada ya kusikia kwamba hata Nambeye anaweza kuvunjwa mkono. Nilichonga mtego nikauweka mlangoni kwangu.

Mkono wa Nambeye ulipona ukiwa umepinda. Kila mara akiuinua kunipungia njiani niliuona ule mpindo kabla sijaona uso.

Nilistaafu kwa sherehe. Nilipewa saa ya ukutani. Nambeye hakupewa saa, kwa sababu wa kujitolea hastaafu. Na mwaka jana, nikiwa nateka maji, niliteleza nikavunjika nyonga. Mradi, ambao siku hizi una viongozi wapya wasionijua, ukanipangia mhudumu. Hodi ikapigwa. Alikuwa Atupele. Mtu mzima sasa, nywele zimeanza mvi pembeni, kikapu mkononi, mboga za maboga juu.

"Shikamoo Sista."

Siwezi kuwaeleza aibu ya kugeuzwa kitandani na mtu uliyemfundisha kugeuza. Na siwezi kuwaeleza wivu, kwa sababu hakugeuza nilivyomfundisha. Aliweka kiganja kwanza, akangoja, ndipo akavuta shuka. Wiki nne nilivumilia. Siku moja maumivu yalikuwa makali, nikamwambia anakosea, anatakiwa aanze na nyonga, kitabu kinasema hivyo.

"Mama Nambeye alitufundisha kuanza na bega," akasema, "mgonjwa haogopi akiguswa begani."

Kikombe cha bati kilikuwa mkononi, kina uji. Nilimrushia. Kilimpata juu ya nyusi. Uji ukamtiririka shavuni, kisha damu ikaufuata. Alisimama upande wa mlango, kama nilivyomfundisha, na angeweza kutoka. Alimaliza kunigeuza. Alinifunika. Akapangusa sakafu. Kisha akaaga.

Sikulala vizuri, na asubuhi nilipojikokota barazani na gongo langu, niliwaona. Walikuwa uani kwangu, kwenye udongo, mstari mmoja, miguu wameinyoosha, kanga kichwani. Atupele na plasta juu ya nyusi. Katikati Nambeye, amezeeka, mkono uliopinda umelala juu ya paja. Jirani yangu alikuwa ameshafika uzioni.

"Ba Sista amefariki?"

"Bado," Nambeye akasema. "Tumewahi tu."

Kisha akanitazama. Miaka yote ile nilikuwa nikiutazama mkao huo kwa nyuma, kutoka kwenye migomba. Sikujua kwamba kwa mbele unaonekana hivi. Unaona mazishi yako, na unaona ni nani watakaokuja.

"Sista," akasema, "nani amempiga mwanangu?"

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa na maumivu, nilikuwa na kitabu, nilikuwa na swali la tisa. Niliegemea gongo, nikashuka ngazi ya kwanza, nikashuka ya pili, na hapo nyonga ikakataa, nikakaa. Nikakaa chini, kwenye udongo, na gauni langu.

"Mimi," nikasema. Nikapiga makofi kwa Atupele. "Mwanangu, nimekosa. Nilikuwa na wivu."

Atupele akaitikia. Nambeye akaanza kujiandaa kuinuka. Nikaona atainuka, atapangusa udongo, ataondoka na ule mkono, na mimi nitabaki nao.

"Nambeye," nikasema. "Na ule msalaba mwekundu pia ni mimi. Sikuusahau."

Jirani akasogea asikie. Wale wanawake wakanitazama, kisha wakamtazama yeye. Nambeye aliusugua mkono wake pale ulipopindia.

"Najua," akasema. "Kwa ule mkono sikuja. Ule ni wangu. Nimekuja kwa ajili ya mtoto."

Kisha akamgeukia Atupele, akamwambia jua limeshapanda na Sista hajageuzwa. Wakaninyanyua wawili, Atupele kwa kulia na Nambeye kwa mkono wake mzima, wakanirudisha kitandani. Walianza na bega.

Na walikuwa sahihi. Ukianzia begani huogopi. Andikeni hilo kwenye madaftari yenu, na chini yake andikeni kwamba limetoka kwa Nambeye. Mimi nililisahihisha tu.